Rejista ya Wasomaji

Kuna maandishi ambayo waandishi wengi wa mtandaoni hapa Kenya huyasoma kila asubuhi kabla ya gazeti, kabla ya Biblia, pengine hata kabla ya ujumbe wa M-Pesa, na sijawahi kuona mhakiki akiyagusa. Hayana jina la mtunzi. Hayana mwanzo wala mwisho. Yanabadilika kila saa. Nazungumzia ule ukurasa ulio nyuma ya blogu au jarida la imeili, wanaouita dashibodi, unaomwambia mwandishi nani amesoma, lini, mara ngapi, na akabofya nini. Tumehakiki riwaya, tumehakiki filamu, tumehakiki hata gengetone. Leo wacha tuhakiki dashibodi, manake naona imeanza kutuandikia kazi zetu.

Nianze na ya Substack, kwa sababu huko ndiko wengi wa rika langu walikohamia. Jukwaa hili lilianzishwa Marekani mwaka 2017 na Chris Best, Hamish McKenzie na Jairaj Sethi, na ahadi yake ilikuwa tamu: mwandishi awe na orodha yake ya wasomaji, awaandikie moja kwa moja, asikae akisubiri hisani ya Facebook. Ahadi hiyo wameitimiza, tuwape haki yao. Orodha ni yako. Ukitaka kuhama unaipakua na kuondoka nayo. Shida ni kilichoandikwa kwenye hiyo orodha.

Fungua sehemu ya waliojisajili. Utakuta anwani ya imeili ya kila mtu, na kando yake nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Ukidhani ni nyota za mwandishi umekosea. Ni za msomaji. Anayefungua kila barua na kubofya viungo amepata tano. Asiyefungua amepata sifuri. Bonyeza anwani moja na utaonyeshwa zaidi: barua ngapi amefungua katika miezi sita, ya mwisho aliifungua lini, viungo vingapi amebofya, yuko nchi gani. Unaweza hata kuwachuja. Niletee wenye nyota moja. Niletee wa Kenya ambao hawajafungua kitu tangu Machi. Wanakuja, wamepangwa foleni, kama wanafunzi waliochelewa gwaride.

Ninachokiona kwanza, kama msomaji wa maandishi haya, ni suala la nafsi. Barua ya imeili inaishi kwa nafsi ya pili. Mwandishi anakwambia "wewe", anakwambia "rafiki", anakusimulia talaka ya wazazi wake kana kwamba mmekaa wawili kwenye ngazi za hosteli. Ndiyo fani yenyewe, na ndiyo iliyoifanya insha ya Kenya ichangamke tena miaka hii. Lakini geuza karatasi. Upande wa nyuma yule "wewe" amekuwa "yeye". Amefungua saa nane usiku. Amefungua mara nne. Hajabofya. Barua moja, nafsi mbili, na msomaji anaonyeshwa moja tu.

Mtambo wenyewe si wa ajabu. Barua ikitumwa, ndani yake kunatiwa picha ndogo mno, ya pikseli moja, haionekani kwa macho. Simu yako ikiifungua barua inaenda kuichukua ile picha kutoka kwa seva ya jukwaa, na ile seva inaandika: fulani amefika, saa fulani. Viungo navyo haviendi moja kwa moja kule vinakosema vinaenda. Vinapitia kwanza mlangoni kwa jukwaa, mbofyo wako unaandikwa, ndipo unaachiliwa upite. Yote haya yanafanyika katika muda usiotosha kupepesa jicho. Ukitaka kuelewa, fikiria askari wa geti katika zile mtaa zetu zenye ukuta: unaandika jina, nambari ya kitambulisho na nyumba unayoenda, halafu unapita. Tofauti ni kwamba askari anakupa kalamu uandike mwenyewe.

Na kama rejista ya geti, imejaa uongo. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple imekuwa ikizichukua picha hizo mapema, mtu afungue asifungue, kwa hivyo mwenye iPhone mara nyingi huonekana amesoma kila kitu. Gmail kwa upande wake, tangu Desemba 2013, hupitisha picha kwenye seva zake yenyewe, kwa hivyo ulipo hapaonekani vizuri lakini kufungua kwako bado kunahesabiwa. Halafu kuna yule aliyezima picha kwenye imeili ili bando isikatike. Huyo anaweza kuzisoma barua zako zote, neno kwa neno, na dashibodi ikamwandika kama maiti. Angalia basi hizo nyota zinapima nini hapa kwetu. Mwenye simu ya laki moja na nusu ni msomaji mwaminifu. Mwenye simu ya elfu nane anayehesabu megabaiti amelala.

Mwaka jana nilikuwa nikimwandikia bosi mmoja wa hapa Nairobi barua zake za kila wiki. Kazi ya kuandika kwa jina la mtu mwingine haikupi sifa, lakini mwenye nyumba haulizi sifa. Barua zilikuwa za uongozi, ukuaji, alivyojifunza subira kwa kupanda Mlima Kenya, mambo hayo. Wafanyakazi wake wote walikuwa wamesajiliwa bila kuulizwa. Wiki ya tatu akanipigia: kijana, nataka majina ya ambao hawafungui. Nikamwambia, mzee, hiyo hesabu haiaminiki, nikamweleza mambo ya iPhone na ya kuzima picha. Akasema leta hivyo hivyo. Nikakataa. Haikusaidia kitu, manake nywila ilikuwa yake. Aliingia mwenyewe na kuchuja. Orodha ilisomwa kwenye mkutano wa Jumatatu. Kati ya waliosomwa alikuwemo dereva mmoja aliyenielezea baadaye kwamba barua zote alikuwa anazisoma, mwenzake wa ofisini akimtumia kwa WhatsApp. Alikuwa anazikumbuka kuniliko mimi niliyeziandika. Alinitajia ile ya mlima.

Kisa hicho kingebaki cha kuchekesha ofisini kama tabia yenyewe haingekuwa imeingia kwenye fasihi. Imeingia. Siku hizi kuna aina ya barua ambayo ningeiita barua ya kunung'unika, na kama umejisajili kwa waandishi watano tayari umepokea moja. Inaanza kwa upole. Mwandishi anasema ameona huzifungui barua zake siku hizi. Anasema anaelewa, maisha yana mambo. Anasema usipobofya hapa atakutoa kwenye orodha, ila hana kinyongo. Wataalamu wa masoko wanaifundisha kama usafi: safisha orodha, wenye sifuri waondoke, asilimia yako ipande. Nimeisoma barua ya aina hii kutoka kwa mshairi. Mshairi! Mtu ambaye mashairi yake yanahitaji kuachwa yakae, urudi kwayo mwezi wa sita ukiwa na homa, au usirudi kabisa hadi siku ile mstari mmoja ukukumbuke wenyewe kwenye matatu. Sasa anataka ripoti ya kila Alhamisi.

Medium imefanya kosa lingine, dogo zaidi lakini lenye athari kubwa kwenye nathari. Tangu Evan Williams alipoianzisha mwaka 2012 imekuwa ikitenganisha walioona na waliosoma, na leo kusoma maana yake ni mtu kukaa kwenye ukurasa angalau sekunde 30. Wanaolipwa hulipwa kwa kutegemea muda ambao wanachama wanatumia kusoma. Medium haikuletei majina ya waliosoma, isipokuwa ya waliopiga makofi kwa hiari yao, na hilo ni jambo jema. Ila sekunde 30 zimegeuka mita ya teksi. Soma aya za kwanza za insha kumi za Medium utasikia mita ikihesabu: sentensi fupi, mstari mmoja aya moja, siri inayoahidiwa na kuahirishwa. Mwandishi anakushika mkono wa shati hadi sekunde ya 31, halafu anakuachilia na huoni tena kitu. Kuna vijana wenye vipaji vya kweli ambao hawajawahi kuandika aya ndefu ya kufungulia kwa sababu mashine iliwafundisha mapema kwamba aya ndefu ni mlango wa kutokea.

Mtu ataniambia: wewe si ndiye freelansa? Si wahariri wanakuuliza makala yako iliyopita ilisomwa na wangapi? Kweli, wanauliza. Nimetuma picha za skrini za takwimu zangu kwa watu ambao sijawahi kuwaona sura, nikiomba kazi. Sina shahada ya kutuma, kwa hivyo natuma grafu. Mwandishi asiye na ajira anahitaji kujua kama anasomwa na watu 40 au 4,000, na anayesema takwimu zote ni haramu huenda ana mshahara mahali.

Lakini tutenganishe idadi na jina. Idadi ni sensa. Jina ni rejista ya darasa. Sensa inaniambia mtaa wangu una watu wangapi ili nijue kama kuna maana ya kufungua kibanda. Rejista inaniambia Wanjiru hakuja leo. Vitabu vimekuwa na sensa tangu zamani: nakala ngapi zimechapwa, ngapi zimeuzwa, hata kodi ya mwandishi inahesabiwa hapo. Hakuna mchapishaji aliyewahi kumletea mtunzi karatasi inayosema mwalimu fulani wa Kitale aliishia ukurasa wa 61. Na majukwaa yanaweza kabisa kutoa idadi bila jina. Medium inafanya hivyo, na Ghost, iliyoanza 2013, ina swichi ya kuzima ufuatiliaji wa barua zinazofunguliwa. Kwa hivyo nyota za Substack si lazima ya teknolojia. Kuna mtu alikaa mezani akaamua msomaji atapewa nyota.

WhatsApp, ambayo hatuisifu mara nyingi, iliona jambo hili mapema. Zile alama mbili za bluu zililetwa Novemba 2014, na siku chache baadaye ikabidi waongeze namna ya kuzizima, kwa kelele za watu. Sisi hapa tulishalifanya kuwa kitenzi, mtu akisema amebluutikiwa kila mmoja anajua ameumia wapi. Ila angalia masharti yake: ukizima, na wewe pia huoni za wengine. Mizani iko sawa. Ama tunaonana sote ama hatuonani. Kwenye jarida la imeili mwandishi anaona na msomaji haoni, wala hajui kwamba anaonwa, na huyo mwandishi ndiye anayemwita rafiki.

Haikuwa hivi siku zote. LiveJournal, aliyoianzisha Brad Fitzpatrick mwaka 1999, ilikuwa shajara kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Nilikuwa mtoto wakati huo, nimeisoma kama mtu anavyosoma magofu ya Gede. Kila ulichoandika ulikichagulia mlango: cha wote, cha marafiki, cha kikundi fulani cha marafiki, au chako peke yako. Huo ndio ulikuwa ufundi wa fani ile. Mtu mmoja aliweza kuandika siku moja barua tatu kuhusu jambo moja, kwa macho matatu, na kila moja ikawa kweli. Mwandishi alikuwa na kufuli. Kile ambacho, katika miaka ya mwanzo, hakuwa nacho ni tundu la kuchungulia: alijua nani anaruhusiwa kuingia, hakujua nani ameingia. Ninaamini hiyo ndiyo mizani bora ambayo mtandao umewahi kuwapa watu wanaoandika na watu wanaosoma, na tuliiacha bila hata tanzia.

Lakini kufuli ni la mwenye nyumba. Mwaka 2005 LiveJournal iliuzwa kwa Six Apart. Mwaka 2007 ikauzwa tena kwa SUP, kampuni ya Urusi, kwa sababu Warusi ndio walioipenda kuliko taifa lolote, wakaifanya baraza lao la kuandikia na kugombania siasa. Desemba 2016 seva zilihamishiwa Urusi. Aprili 2017 masharti mapya yakaja, yakiwafunga watumiaji kwa sheria za Urusi. Fikiria umeandika mwaka 2003, ukiwa Chicago, maneno ya mapenzi yako kwa watu sita uliowachagua, na miaka kumi na minne baadaye maneno hayo yamelala kwenye mashine iliyo chini ya serikali ambayo hukuiandikia. Hukuhama. Nyumba ndiyo iliyohama. Wengi walibeba shajara zao wakakimbilia Dreamwidth, ambayo ilijengwa na watu waliowahi kufanya kazi LiveJournal.

Tumblr nayo, ya David Karp, 2007, ilikuwa na adabu moja ninayoikumbuka kwa mapenzi: idadi ya wafuasi wako haikuonyeshwa kwa watu. Msichana wa Eldoret na nyota wa Hollywood walionekana sawa mlangoni. Yahoo iliinunua mwaka 2013 kwa dola bilioni 1.1, na baada ya kupita mikono mingine ikaishia kwa Automattic, wenye WordPress.com, mwaka 2019. Februari 2024 tovuti ya 404 Media ikaripoti kwamba Automattic walikuwa wakiandaa kuuza maandishi ya watumiaji kwa kampuni za akili unde. Automattic wakatoa swichi ya kukataa. Swichi ya kukataa, si ya kukubali. Ukinyamaza, umekubali, na mwenye akaunti aliyefariki huwa amenyamaza sana.

Sasa turudi nyumbani, manake hapa ndipo mambo haya yanaacha kuwa ya adabu tu.

Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 31, inalinda faragha, ikiwemo ya mawasiliano. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa saini Novemba 2019, na tangu 2020 tuna Kamishna wa Data, Immaculate Kassait. Waandishi wengi ninaowajua hawadhani sheria hiyo inawahusu. Wanadhani ni ya benki na ya zile kampuni za mikopo zilizokuwa zikipigia shangazi yako simu ukichelewa kulipa. Kanuni za 2021 kweli zinawaondolea wadogo mzigo wa kujisajili, ukiwa na mapato ya chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, na ukiwa huko kwenye shughuli chache zilizotajwa. Lakini kutosajiliwa si kuachiliwa na sheria. Na kuna kifungu kitamu kwa watu wa kazi yetu, cha 52, kinacholegeza masharti kwa ajili ya uandishi wa habari, fasihi na sanaa. Kisome vizuri. Kinalinda kazi yenyewe, ile inayochapishwa kwa manufaa ya umma. Mtu niliyemwandika katika insha yangu huenda hana la kunifanya. Mtu niliyemhesabia saa anazofungua barua zangu ni jambo tofauti kabisa, kwa sababu nyota zake hazijawahi kuwa fasihi.

Sitegemei kumwona mwandishi wa insha za mapenzi akishtakiwa kwa nyota. Ninachoogopa ni kwamba orodha iliyopo itaombwa. Majirani zetu Tanzania walituonyesha jinsi inavyoombwa. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa baada ya jukwaa lake kukataa kuwapa polisi majina ya watu walioandika kwa lakabu, akasumbuliwa mahakamani kwa miaka. Mwaka 2018 zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zikawadai wenye blogu leseni, ada zote pamoja zaidi ya shilingi milioni 2 za Tanzania, na zikaagiza mikahawa ya intaneti iweke kamera. Watu walizungumza sana kuhusu leseni, nami nilibaki kwenye kamera. Leseni inamlenga anayeandika. Kamera ya mkahawa inamlenga anayesoma. Aliyetunga kifungu kile alijua kitu ambacho wahakiki tunakisahau: kwamba kusoma ni tendo, na lina ushahidi wake.

Kwetu, Bogonko Bosire wa blogu ya Jackal News alitoweka Nairobi Septemba 2013. Hakuna aliyemwona tangu hapo. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa kwao Homa Bay kwa madai ya chapisho la mtandaoni kuhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, akaletwa mji mkuu, akafa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa mwili ulisema vingine. Hawa ni watu walioandika, au walioshukiwa kuandika. Katika nchi ambayo chapisho linaweza kukupeleka huko, karatasi inayosema nani alilisoma mara nne, akabofya kiungo, akamtumia mwenzake, ina bei. Na laini zetu zote zimesajiliwa kwa kitambulisho, imeili nyingi zimefungwa kwenye laini hizo. Kutoka nyota tano hadi mlangoni kwa mtu si safari ndefu. Mwandishi anayeweka karatasi hiyo hana ubaya na mtu. Ameiacha tu mezani, dirisha wazi, kwa sababu jukwaa lilimpa bure.

Kuna taaluma moja iliyowahi kulifikiria jambo hili hadi mwisho, nayo ni ya wakutubi. Wao pia wanajua nani amechukua nini. Kadi ya kuazimia ni rejista, sikatai. Lakini waliona kwamba kujua huko ni amana. Mwaka 2005 wakutubi wanne wa Connecticut, Marekani, walidaiwa kumbukumbu za watumiaji wa maktaba kwa barua ya FBI iliyowakataza hata kutaja kwamba wameipokea, wakaenda mahakamani badala ya kutoa. Sisi wenye majarida ya imeili tumepewa ufunguo wa mkutubi bila kiapo cha mkutubi. Mimi sijasikia hata kongamano moja la waandishi hapa mjini likiuliza nani anafuta nini baada ya muda gani. Tunaulizana jinsi ya kupandisha asilimia.

Ninasema haya kwa Kiswahili kwa makusudi, kwa sababu lugha hii ina urithi katika jambo hili. Ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo umejaa lakabu: huyu malenga wa hivi, yule ustadhi wa kule, wanajibizana kwa wiki kadhaa na nusu ya wasomaji hawajui sura zao. Lakabu ilimlinda mtunzi. Gazeti lenyewe lilimlinda msomaji. Nakala moja ilipita kwa kinyozi, ikapita kwa fundi viatu, ikaishia kufungia nyama. Muuzaji alikukodishia kwa shilingi kumi ukasome umesimama, na alichojua kukuhusu ni kwamba umelipa kumi. Hakujua ulikaa kwenye shairi au kwenye matangazo ya vifo.

Na Pwani kuna kanga. Maneno ya kanga huitwa jina, na mwenye kuichagua anajua anamlenga nani. Anaivaa, anapita uani, basi. Aliyelengwa anasoma, anaendelea kupeta mchele. Mvaaji anaweza kuapa kwamba aliipendea rangi. Msomaji naye anaweza kuapa kwamba hakuona. Yule wa pili ndiye tuliyemsahau. Nusu ya nguvu ya fani ile iko kwenye haki yake ya kujifanya hajasoma, aende nayo nyumbani, aitafune usiku, aje na jibu wiki ijayo kwa kanga yake au asije na jibu kamwe. Mfungie kanga hiyo kengele inayolia kila anayeisoma, na uani kutakuwa na ugomvi kabla ya adhuhuri na hakuna atakayevaa tena.

Kwa anayetaka kujikinga leo: kwenye Gmail kuna mpangilio wa kuuliza kabla ya kuonyesha picha za nje. Uchague. Ile picha ya pikseli moja haitachukuliwa, na mwandishi umpendaye atakuandika sifuri. Kiungo nacho usikibofye. Tafuta kichwa cha makala mwenyewe. Inachosha, najua, na ni aibu kwamba msomaji ndiye anayepewa kazi hiyo. Kwa mwandishi: hamia panapozimika, na usipoweza kuhama, usichuje kwa jina. Usimtumie mtu barua kwa sababu ya kitu ambacho hakujua ulikiona.

Nilipotuma makala hii niliwauliza wahariri wa jarida hili wanaona nini mtu akiifungua. Wakanijibu vizuri tu: idadi, nchi, aina ya simu. Nikauliza, aina ya simu ni ya nini? Hiyo bado hawajanijibu.